Nukta Hizi! Karatasi Inayojua Mahali Pake

Nimekata kipande cha karatasi, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kutoka kwenye ukurasa mtupu wa daftari. Hakina neno, hakina mstari, hakina namba. Nimekirusha mezani kikaanguka kichwa chini, nikakigusa kwa ncha ya kalamu. Kwenye skrini ya simu wino ukatokea palepale kipande kilipotoka: ukurasa uleule, upande wa kulia, chini kidogo ya katikati. Kimetengwa na daftari lake, kimegeuzwa kichwa chini, na bado kinajua kwao ni wapi!

Usingizi umenipaa tangu nianze kushika kitu hiki, na sioni dalili ya kulala mapema leo. Basi niseme kabisa ninachokihakiki, maana wengi watadhani ni kalamu. Kalamu ni nzuri na nitaieleza. Lakini ninachokishangilia hapa si kalamu, ni nukta. Nukta nyeusi, ndogo kiasi kwamba macho yangu yanaziona kama ukungu wa kijivu juu ya karatasi, na mtu asiyeambiwa haoni kitu kabisa. Ataapa kwamba daftari ni jeupe. Zimechapwa kila ukurasa, jalada hadi jalada, na hazikuchapwa kwa ajili ya macho ya binadamu. Zimechapwa ili mashine izisome.

Chukua kioo cha kukuza, kile cha fundi saa kinafaa sana, uinamie karatasi. Utaona nukta zimepangwa safu kwa safu, kila moja ikiwa karibu milimita 0.3 kutoka kwa jirani yake. Kwa mtazamo wa kwanza zimenyooka. Endelea kutazama. Hakuna hata moja iliyokaa sawasawa mahali ambapo ingetakiwa kukaa: hii imesogea juu kidogo, ile chini, nyingine kushoto, nyingine kulia. Huko kusogea ndiko kusema. Kila nukta ina namna nne za kukaa, na ukichukua mraba wa nukta 6 kwa 6 unapata nukta 36 zenye mpangilio ambao haujirudii popote pengine kwenye mchoro mzima. Popote! Na mraba huo haufiki milimita 2 kwa milimita 2. Kipande changu cha ukucha kilikuwa kikubwa kupita mahitaji. Ningekikata mara nne na kila robo bado ingejua kwao.

Mchoro mzima una ukubwa gani? Hapa ndipo nilipoweka kioo chini nikasimama nitembee kidogo. Anoto, kampuni ya Uswidi iliyozaliwa katika mji wa Lund na ndiyo iliyoubuni, inasema mchoro huo ukitandazwa wote utafunika zaidi ya kilomita za mraba milioni 60. Afrika yote, kutoka Tunisia hadi Rasi ya Agulhas, ni kama milioni 30. Afrika mbili za karatasi, na ndani yake hakuna kona mbili zinazofanana! Kila daftari linalotoka kiwandani limekatiwa eneo lake humo, kama kiwanja kilichopimwa na kuwekewa mawe ya mipaka, na kalamu ndiyo yenye ramani ya mipango miji.

Siri iliyo nyuma yake ni hisabati safi. Unatunga mfuatano wa tarakimu kwa namna ambayo ukidokoa kipande kifupi mahali popote, kipande hicho hakipatikani tena kwingine. Mwanahisabati wa Uholanzi Nicolaas de Bruijn aliandika kuhusu mifuatano ya jamaa hiyo mwaka 1946, wakati hakuna aliyeota kamera ndani ya kalamu. Panga mifuatano ya aina hiyo kwa wima na kwa mlalo, na kila pahala pa karatasi panapata anwani. Nimejaribu kuchora mfano mdogo kwa mkono kwenye karatasi ya miraba, nikatokwa jasho kabla sijajaza robo ya ukurasa. Waliofanya hivi kwa eneo la Afrika mbili nawavulia kofia.

Sasa kalamu. Ni nene kama kidole cha shahada, kwa sababu tumboni mwake mna shughuli. Karibu na ncha kuna tundu dogo jeusi, humo mna kamera, na kando yake taa ndogo ya infraredi, mwanga ambao sisi hatuuoni. Ukigandamiza ncha kwenye karatasi, taa inaamka na kamera inaanza kupiga picha zaidi ya 70 kila sekunde. Haipigi picha za maandishi yako! Hilo lilinichukua muda kulikubali. Kalamu haisomi herufi, haijali unaandika Kiswahili, Kiarabu au unachora punda. Inasoma nukta zilizo chini ya ncha yake, inajua iko wapi sasa, na sasa, na sasa, na sehemu hizo zikiunganishwa zinakuwa mstari wa wino kwenye simu. Mwandiko wako kwake ni safari iliyotembea.

Unaweza kuiona taa yenyewe. Washa kamera ya mbele ya simu, ambayo kwenye simu nyingi haichuji sana infraredi, ielekeze kwenye ncha, kisha bonyeza ncha kwa kidole. Kitu cha zambarau iliyopauka kinamemeteka mahali ambapo jicho linaona tundu jeusi tu. Kisha fanya nilichofanya mimi: zima taa zote, shusha pazia, uandike katika giza totoro. Mistari yangu ilipanda na kushuka kwa sababu nilikuwa sioni, lakini kalamu haikukosa hata herufi moja. Inakuja na mwanga wake. Kwa sisi tunaojua umeme unavyoondoka bila kuaga, hii si habari ndogo.

Na sasa wino, ambao ndio umenifanya niandike makala hii badala ya kumpigia rafiki simu. Kaboni hunywa infraredi. Nukta zimechapwa kwa wino mweusi wenye kaboni, kwa hiyo mbele ya kamera ni nyeusi tii. Wino wa kalamu hauna kaboni. Infraredi inaupita kama vile haupo. Matokeo yake ni haya: mimi naona maandishi na sioni nukta, kalamu inaona nukta na haioni maandishi. Karatasi moja, wasomaji wawili, kila mmoja na ukurasa wake, na hakuna anayemsumbua mwenzake! Naweza kuandika, kukata, kuandika juu ya nilichokata, kufunika ukurasa mzima kwa wino wa bluu, na chini ya vurugu zote hizo nukta zinabaki wazi kama alfajiri ya kwanza.

Nilijaribu kuzivuruga kwa makusudi. Nilipaka eneo la ukurasa kwa peni ya bluu ya kawaida ya dukani hadi karatasi ikang'aa, nikaandika juu yake kwa kalamu hii: kila kitu kikafika kwenye simu. Kisha nikapaka eneo jingine kwa penseli. Penseli ni grafati, na grafati ni kaboni. Hapo kalamu ikapofuka! Mstari ulifika kwenye mpaka wa kivuli cha penseli, ukakatika, ukaibuka tena upande wa pili. Nilikipiga picha kivuli hicho nimtumie kila mtu ninayemjua, maana ni fizikia inayoonekana kwa macho mezani kwako, kwa vifaa vya mwanafunzi wa darasa la tano.

Nikaenda steshenari kutoa fotokopi ya ukurasa mtupu, nione kama nitapata karatasi ya bure. Mashine ile ilizichanganya nukta zikawa madoa, na kalamu haikutambua kitu. Lakini kuna njia halali, na ni tamu. Printa ya leza ya rangi yenye uwezo wa nukta 600 kwa inchi inaweza kuchapa mchoro huu, ilimradi utumie ujanja mmoja: tona nyeusi iachiwe nukta peke yake, na maandishi meusi ya fomu yako yatengenezwe kwa kuchanganya samawati, majenta na njano. Tona hizo tatu hazina kaboni, kwa hiyo infraredi inazipita. Jicho linaona fomu yenye maandishi meusi ya kawaida. Kamera inaona uwanja wa nukta usio na neno hata moja juu yake.

Wazo hili si changa, na hilo linanishangaza zaidi. Christer Fåhraeus, mvumbuzi wa Lund ambaye alikwisha kutengeneza kalamu ya kuskani maandishi iitwayo C-Pen, ndiye aliyelianzisha katika miaka ya 1990. Mwaka 2002 Logitech wakatoa kalamu yao ya kwanza ya nukta hizi, iitwayo io. Mwaka 2005 Wamarekani wa LeapFrog wakawapa watoto kalamu ya Fly, na mmoja wa waliokuwa nyuma yake, Jim Marggraff, akaenda kuanzisha Livescribe, ambao mwaka 2008 walitoa Pulse, kalamu inayorekodi sauti. Tangu hapo zimekuja nyingine nyingi. Dunia ikazishangaa kidogo, kisha ikakimbilia vioo vya kugusa. Mimi nimezifikia sasa, na nasema bila kusita kwamba dunia iliondoka mapema mno.

Sikiliza jambo la sauti. Kalamu yangu ina maikrofoni. Ninapoandika inarekodi, na kila mkwaruzo wa wino unafungwa na sekunde ulipoandikwa. Baadaye nikigusa neno, nasikia kilichokuwa kikisemwa wakati naliandika. Niliipeleka kwa shangazi yangu Tanga. Nilimwomba ruhusa ya kurekodi, nikachora mti wa ukoo yeye akisimulia: nani alitoka Pangani, nani alioa wapi, nani alibadilisha jina na kwa nini. Ukurasa ulijaa majina na mistari ya ovyo ovyo. Tulipomaliza nikamwambia, "Shangazi, gusa jina la babu yako." Akagusa. Sauti yake mwenyewe ikatoka, ikieleza jinsi babu alivyofika pwani na ndoo moja ya samli.

"Wee!" akasema. "Kumbe daftari lina mdomo!"

Akagusa jina jingine. Akagusa jingine. Mwishowe akaninyang'anya kalamu kabisa, akawaita wajukuu waje wasikilize, na kila aliyefika akaelezwa yeye ni wa tawi lipi kwa kugusishwa karatasi. Wazee wetu wengi hawataki kukaa mbele ya kamera, na wajukuu hawatasikiliza rekodi ya saa tatu mfululizo wakitafuta jina moja. Hapa jina liko kwenye karatasi, sauti iko chini ya jina. Nimefanya kazi na programu nyingi za kuhifadhi historia za familia na hakuna hata moja iliyomfanya shangazi yangu aninyang'anye chombo mkononi.

Sasa nieleze kwa nini nasema ni nukta na si kalamu. Karatasi haina betri. Haina chipu, haina waya, haina antena, haihitaji kuchajiwa wala kusasishwa. Ukiiloanisha na kuianika, itasomeka ilimradi nukta hazijafutika. Akili yote imewekwa kwenye wino, na wino ni kitu ambacho kila mji wenye printa unaweza kukimudu. Kila tunapofikiria kukifanya kitu kiwe janja, tunakimbilia kukiwekea umeme. Nukta zinasema: hapana, kiache kitu kilivyo, kipe anwani tu, na uache mashine moja yenye macho ihudumie maelfu ya vitu visivyo na macho. Kalamu moja inaweza kupita kwenye madaftari ya shule nzima. Kwa nchi ambazo daftari la kaunta buku bado ndilo linaloshika mihtasari ya vikundi vya akiba na mikopo vya VICOBA, rejesta za taarifa za afya za MTUHA kwenye zahanati na orodha za mahudhurio, nauona mlango mkubwa mno. Muuguzi anaandika kama alivyozoea, kwa mkono, kwenye rejesta ileile. Karatasi inabaki na sahihi, nakala inakwenda. Hakuna anayelazimishwa kuacha kalamu.

Na kuna ukoo mwingine wa nukta ambao umenifanya nianze mradi. Mwaka 2010 kampuni ya Ravensburger ya Ujerumani, ile ya mafumbo ya vipande, ilitoa vitabu vya watoto viitwavyo tiptoi. Mtoto anagusa picha ya ng'ombe kwa kalamu nono, ng'ombe analia. Humo pia mna nukta zisizoonekana, ila hizi hazisemi "uko wapi", zinasema namba. Kalamu inasoma namba, inatafuta sauti iliyohifadhiwa ndani yake, inaicheza. Wapenzi wa kompyuta, akiwemo Mjerumani Joachim Breitner, walichunguza mfumo huo wakatengeneza programu huria iitwayo tttool, inayokuwezesha kuchapa nukta zako mwenyewe na kuweka sauti zako mwenyewe.

Sauti zako mwenyewe! Mmeelewa maana yake? Kitabu cha watoto cha Kiswahili kinachosema Kiswahili. Mtoto anagusa mnazi anasikia dafu, kuti, kumbi na kifuu vikitajwa na bibi wa Bagamoyo mwenye lafudhi yake. Anagusa dau, anasikia tanga, foromali na mkuku. Na cha Kimakonde, Kiha, Kidigo au Kibajuni? Lugha ambazo watoto wa mjini wanazisikia likizo tu zinaweza kukaa ndani ya picha. Nimekwisha kuchapa majaribio ya kwanza kwenye karatasi ya kawaida kwa printa ya leza. Ukurasa unaonekana umechafuka kidogo, kijivu hafifu, tena ni pale tu mwanga unapokuwa mzuri. Kalamu ya tiptoi ilizisoma. Nilipiga kelele hadi jirani akauliza kuna nini.

Tuondoke kwenye karatasi kidogo, kwa sababu alama za aina hii zimeanza kuhamia kwenye vitu. Mwaka 2022 watafiti wa MIT, Mustafa Doga Dogan na wenzake, walitoa mbinu waliyoiita InfraredTags. Wanachapa kitu kwa printa ya 3D wakitumia plastiki ambayo machoni ni nyeusi, lakini infraredi inapenya. Ndani ya plastiki wanaacha vijitundu vya hewa vilivyopangwa kama msimbo wa QR. Kwa macho unaona kikombe cheusi, laini, kisicho na doa. Kwa kamera ya infraredi ya bei nafuu unaona msimbo mzima ndani ya ukuta wa kikombe, na unasomeka kutoka umbali wa hadi sentimita 250! Haukubandikwa, hautabanduka. Hautafutika kwa steeli waya. Mwaka uliofuata kundi hilohilo likaja na BrightMarker, safari hii kwa plastiki inayopokea mwanga na kuurudisha ukiwa na urefu wa wimbi mwingine, kiasi kwamba kamera iliyowekewa kichujio inaona alama tu na kila kitu kingine kinapotea. Kwa vitu vinavyotembea hilo ni jambo la ajabu: mpira, glavu, chombo cha fundi, vyote vinafuatika bila kuwa na kibandiko.

Huko Copenhagen alama za aina hii zimepelekwa kwenye takataka. Mashine za kuchambua plastiki zinajua tayari hii ni plastiki ya aina gani, ila hazijui chupa hii ilikuwa ya maziwa au ya dawa ya choo, na kwa plastiki itakayorudi kubeba chakula tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Mradi uitwao HolyGrail 2.0 umechapa alama za kidijitali, kila moja kama ukubwa wa stempu, zikijirudia juu ya pakiti nzima ndani ya picha na rangi zake. Mnunuzi haoni kitu. Mwaka 2021, kwenye kituo cha taka cha Amager, kamera juu ya mkanda zilizitambua pakiti kwa wastani wa asilimia 99. Pakiti iliyobonyezwa, iliyochanika, iliyochafuka! Kwa sababu alama imetapakaa pakiti nzima, kipande kilichosalia kinatosha, kama kipande changu cha ukucha.

Watanzania wenzangu, msidhani mambo haya hayajatufikia. Tangu 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilipoanzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta, kazi ambayo baadaye ilikabidhiwa shirika la viwango, TBS, petroli unayotia kwenye pikipiki imebeba alama usiyoiona, usiyoinusa, ambayo mashine ya mkaguzi inaisoma na kujua kama kuna aliyechanganya mafuta ya taa au aliyeshusha humu nchini shehena iliyokuwa ya kupita tu. Alama ndani ya kimiminika! Kila mara nikipita kituo cha mafuta sasa naitazama pampu kwa heshima.

Upande mmoja tu unanikosesha raha, na siwezi kuuruka. Alama isiyoonekana inaweza kuwekwa bila wewe kuambiwa. Mwaka 2005 wanaharakati wa haki za kidijitali wa EFF nchini Marekani walifumbua nukta za njano zinazochapwa kimyakimya na printa za leza za rangi. Kwenye mfululizo wa Xerox DocuColor walikuta gridi ya nukta 15 kwa 8, ikirudiwarudiwa ukurasa mzima, ikibeba tarehe, saa na namba ya printa. Ukizimulika kwa mwanga wa bluu na kutumia kioo cha kukuza, zinajitokeza. Ni ujuzi uleule ninaoushangilia, ila umegeuzwa kumtazama mwenye karatasi. Msimamo wangu ni mfupi: alama iliyofichwa kwenye macho isifichwe kwenye maneno. Jalada la daftari langu linasema waziwazi kwamba ukurasa una nukta. Kila kitu kingefanya hivyo, ningekuwa wa kwanza kukinunua.

Kasoro za kawaida zipo pia. Madaftari haya hayapatikani kila duka, na yakiagizwa yanauma mfuko. Programu ya simu niliyotumia ilinidai akaunti kabla ya kunionyesha hata mstari mmoja, jambo ambalo halina sababu yoyote kwa kitu kinachofanya kazi kati ya kalamu na karatasi. Mkono mdogo utachoka kwa unene wa kalamu. Na kuna utaratibu mmoja unaohitaji umakini: baadhi ya madaftari yana namba, na ukinunua jingine lenye namba ileile ya la zamani, nukta zake ni zilezile. Kabla ya kulianza lazima uliweke la zamani kwenye kumbukumbu za programu, vinginevyo kalamu itaandika shairi la leo juu ya hesabu za mwaka jana.

Anayetaka kuanza aanze hivi. Usikimbilie kalamu mpya. Zilizotumika zipo na kamera zake hazizeeki haraka, kinachozeeka ni betri, kwa hiyo iulizie hiyo kwanza. Hakikisha programu yake bado inafunguka kwenye simu za sasa kabla hujatoa pesa. Wino wa nyingi kati ya kalamu hizi ni kijiti kifupi cha kawaida cha aina ya D1, unaweza kukipata bila kumtafuta aliyetengeneza kalamu, ila kijaribu kwanza: paka doa nene kwenye ukurasa wa nukta, subiri likauke, kisha andika juu yake. Mstari ukipita, wino hauna kaboni na unakufaa. Ukikatika, rudisha dukani. Na penseli iweke mbali kabisa na daftari hilo.

Mimi usiku huu ninarekodi majina ya sehemu za jahazi kwa kurasa za kitabu, na kesho asubuhi nampigia shangazi, kwa sababu anasema tumeusahau upande mzima wa mama yake.